Linki Mia Mbili na Kumi za Fundi Makochi

Jumatatu, 3 Machi

Nimejitafuta mtandaoni. Niko ukurasa wa sita, chini ya muuza mbegu za nyasi. Shemeji, fundi mwenzangu, yuko wa kwanza kabisa, ameegemea kochi ambalo naapa nililishona mimi. Chuo cha ualimu kinataka viti mia tatu vya ukumbini vivishwe upya. Katibu amenidokeza kwamba mkuu wa chuo atatafuta fundi mtandaoni Ijumaa. Mama mkwe kasema nikiikosa kazi hii nifunge karakana, nikafanye kazi kwa mwanawe. Alisema kwa upole. Ndio ulioniuma.

Siri nimeshaijua. Ni linki. Tovuti nyingi zikielekeza watu kwako, mtambo wa kutafutia unakuona mtu wa maana. Wataalamu wanadai linki moja ya mtu anayeaminika inazidi mia za ovyo. Maneno ya wavivu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua blogu kumi na moja kabla ya chakula cha mchana! Moja ya mapishi, moja ya mapenzi, moja ya ufugaji wa nyuki. Zote mwishoni zinanisifu mimi. Ya nyuki ilinitoa jasho. Nimeandika kwamba nyuki akisharudi mzingani, mfugaji naye apumzike kwenye kochi imara, abonyeze hapa.

Mke wangu ameuliza kochi la jirani litakwisha lini. Liko hapa, sponji nje, wiki ya pili sasa. Nimemwambia haraka haraka haina baraka.

Jumatano, 5 Machi

Leo ni maoni. Kila ukurasa ninaoukuta, naacha sifa mbili tatu na linki yangu. Nimefika mia moja tisini na nane. Vidole vimekufa ganzi.

Jioni mke wangu kaniletea simu. Ukurasa mmoja ulikuwa tanzia. Chini ya picha ya marehemu nimeandika hongereni kwa habari njema, kwa makochi imara bonyeza hapa. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nikaandika upesi kuwaomba radhi wafiwa. Kwa mazoea ya mkono, na radhi nayo nikaitia linki.

Alhamisi, 6 Machi

Amenipigia mwalimu mstaafu, mteja wangu wa mwaka jana. Ana ukurasa wake wa ndege wa bustanini, husomwa na watu aliowafundisha. Ameandika habari za kiti cha marehemu mumewe. Nilikivisha ngozi mpya, ila ule mkono wa mbao uliochakaa sikuupiga msasa, maana ndipo mzee alipokuwa akishika. Kaweka linki yangu chini.

Nimesoma. Ndege wawili, mume mmoja, linki moja. Neno makochi halimo hata mara moja! Nikamwomba kwa heshima zote aongeze makochi imara bei nafuu, mara kumi na mbili hivi. Akasema, mwanangu, ngoja nikawape ndege maji.

Mke wangu aliisoma akafuta machozi. Haelewi mtambo. Mimi nilifuta vumbi la sponji.

Ijumaa, 7 Machi

Siko ukurasa wa sita. Wala wa ishirini. Nimeandika jina langu kamili, nikaletewa yule wa nyasi. Inasemekana mtambo huwafuta wenye linki za ovyo.

Shemeji kapita, kanikuta nimeketi juu ya kochi la jirani. Hakucheka. Alisema kwake kuna nafasi, nitakuwa na meza yangu mwenyewe. Heri angecheka. Baada ya kuondoka nikaanza kufunga nyundo na mikasi kwenye gunia.

Jumamosi, 8 Machi

Mkuu wa chuo amekuja mwenyewe, kwa miguu. Kumbe alifundishwa na yule mwalimu. Amesema hakutafuta popote. Alisoma habari za kile kiti, akabonyeza pale chini, akapata njia ya kuja hapa. Viti vyote mia tatu ni vyangu!

Nilimpigia mwalimu kumshukuru. Yeye alikuwa na furaha kuliko mimi. Shemeji nimempa viti mia, maana mikono yangu ni miwili tu. Mama mkwe ametuma salamu ndefu.

Jumapili, 9 Machi

Nimetulia, nimepiga hesabu. Linki zangu mia mbili na kumi, na ile ya mwalimu, jumla mia mbili na kumi na moja. Mteja mmoja. Basi wateja kumi wanataka linki elfu mbili mia moja na kumi. Mbona rahisi.

Nimeanza na blogu ya ndege. Jirani alikuja kuulizia kochi lake. Nimemkaribisha aketi sakafuni, maana keshazoea, anitajie ndege anaowajua.