Damu Safi ya Holida

Jumatatu, 4 Machi
Bado kitandani hospitalini. Pingili ya mgongo imebonyea kwa kunyanyua boga. Boga moja tu! Daktari Nargiza anasema mifupa yangu imekuwa kama mkate wa juzi, tena damu ina mafuta mengi na dalili za uvimbe. Vipimo visiposhuka, siendi nyumbani. Na Jumamosi mjukuu wangu Sevara anaolewa, hapa hapa Samarkandi. Nakula uji wa shayiri asubuhi na jioni. Holida, jirani yangu wa kitanda cha pili, aliyevunjika kifundo cha mkono, anajisifu kutwa kwamba damu yake ni maji ya chemchemi.

Jumanne, 5 Machi
Shauri limepatikana. Muuguzi mgeni huchukua damu kwa kusoma majina yaliyobandikwa vitandani. Nikamwomba Holida tubadilishane vitanda asubuhi. Akataka mwaliko wa harusi. Mwenye shida hachagui. Nikahama na mkanda wangu wa mgongo, nikishika ukuta, nikiuma shuka. Sindano zikaingia. Muuguzi hakushtuka.

Jumatano, 6 Machi
Majibu. Holida ameruhusiwa, damu yake safi. Yangu mafuta yamezidi, uvimbe umepanda. Daktari akaniuliza kwa upole nani ananiletea vyakula. Nikaapa ni uji tu. Hakuamini. Hata mimi nisingeamini.

Holida akifunga mizigo ndipo alipokiri: kila jioni binti yake humletea pilau na vipande vya mafuta ya mkia wa kondoo, ndani ya chupa ya chai.

"Si ulisema damu yako safi?" nikamuuliza.

"Nilisema, dada. Sikusema nimepimwa."

Kisha akataka kujua avae nguo gani Jumamosi.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari hayaelewi majibu yangu. Kesho muuguzi yule yule atachukua damu tena, na daktari ataipima mwenyewe. Kanisihi nitulie kitandani, nisihangaike na lolote. Nimemwahidi.

Nimewaza sana. Ile damu safi ilikuwa yangu. Uji haukuwa bure. Lakini jambo zito kama harusi ya mjukuu, mtu hawezi kuiachia damu yake mwenyewe.

Kitanda cha Holida kimepata mgeni, Mwalimu Barno. Alifundisha mazoezi ya viungo, mwembamba kama uzi. Nimemuuliza kama anapenda harusi.