Hotuba ya Kukilaza Kilima cha Kinoo

Mheshimiwa mgeni wa heshima, ambaye ni mimi; naibu wa mgeni wa heshima, ambaye amekwama Westlands lakini moyo wake umefika; wachungaji wa makanisa yote; kina mama wa vikundi vilivyosajiliwa na vile vinavyongoja kusajiliwa; maafisa wa ngazi mbalimbali mliokalia viti vya mbele, na wananchi mliosimama juani: nimewatambua nyote, hata ambao sijawataja. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Mimi, Bwana Nzomo, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Uratibu wa Miinuko na Miteremko, nimekuja kuwatangazia kwamba shida ya maji hapa juu Kinoo, iliyowafanya mteremke mtoni na kupanda tena tangu enzi za mababu, imemalizwa mwaka huu wa elfu mbili na saba, na imemalizwa kwa kompyuta. Maji yatatoka kwenye tangi lililoko Muthangari na kufika hapa yenyewe, bila pampu. (Vigelegele, kisha sauti: "Lakini Muthangari iko chini, mkubwa! Maji itapanda aje?")

Hilo ni swali zuri, nami nitalijibu kitaalamu. Idara yangu inayo programu ya ramani. Unabofya mahali maji yanapoanzia, unabofya mahali yanapokwenda, na kompyuta inakuchorea mstari unaoonyesha jinsi ardhi inavyopanda na kushuka njia nzima. Hiyo ndiyo chati ya mwinuko. Mchoraji wetu wa ramani, Bi Nyawira, aliponiletea chati ya kwanza, niliona kilima kirefu kimesimama mbele ya mradi wangu bila adabu. Nikamwuliza, "Bi Nyawira, kilima hiki kimeidhinishwa na nani?" Akanijibu, "Mkubwa, kilima kiko tu. Bila pampu maji hayatapanda." (Kicheko.)

Msicheke. Kiongozi mwingine angekata tamaa. Mimi niliitisha warsha ya siku tatu Parklands, wadau wakahudhuria kwa asilimia mia moja na nne, kwa kuwa wengine walirudi mara ya pili kwa ajili ya sambusa, na tukaazimia kwa kauli moja kwamba kipimo cha wima katika chati hiyo kipunguzwe. Bi Nyawira akapunguza, kilima kikashuka. Nikasema, "Punguza tena." Kikashuka zaidi. Ilipofika saa kumi alasiri, mstari ulikuwa umelala kama shuka iliyopigwa pasi, na mimi mwenyewe niliupima kwa rula. (Fundi Kuria, mwashi: "Mheshimiwa, hiyo njia mimi huipanda na baiskeli kila jioni. Nikifika katikati nashuka naisukuma!")

Bwana Kuria, huo ni ushahidi wa miguu. Idara haipokei ushahidi wa miguu.

Mtakumbuka kwamba tulitangaza katika makanisa yenu, mwezi mzima kabla ya leo, kwamba kila mwenye punda wa kubeba maji amwondoe, ili siku ya uzinduzi pasiwe na dalili yoyote ya shida. Aliyetii kwanza ni Cucu Wamucii, bibi yetu sote, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu. Simama, cucu, watu wakuone. (Cucu Wamucii, bila kusimama: "Punda nilimpea kijana wangu akaenda naye Limuru. Sasa nabeba mtungi na mgongo, Nzomo, na mgongo ni huu mmoja tu! Hiyo maji inafika leo?")

Cucu, nimekusikia, na uvumilivu wako umewekwa katika kumbukumbu za idara. (Sauti nyingi: "Jibu cucu!")

Najibu. Upangaji umefikia asilimia themanini, na uzinduzi, ambao ndio huu, ni asilimia ishirini. Jumlisheni wenyewe. (Fundi Kuria: "Na ujenzi?") Mia moja imekwishatimia, Bwana Kuria, ujenzi tungeuweka wapi?

Basi tuseme pamoja. Nikisema "Kilima!" nyinyi semeni "Kimelala!" Kilima! ("Kimesimama!") Nikisema "Maji!" semeni "Yamefika!" Maji! ("Yako wapi?") Mmekaribia.

Kwa kumalizia, nawashukuru wachimbaji wa mitaro, ambao hawakuhitajika. Wauzaji wa mabomba, ambao hatukuwasumbua hata siku moja. Bi Nyawira, aliyeomba ruhusa asihudhurie. Na Cucu Wamucii, aliyetupandishia mgongoni maji ya chai ya wageni asubuhi ya leo. Sasa nakata utepe na kuwakabidhi chati hii, ikiwa ndani ya fremu. Kwa wale wanaouliza bomba liko wapi, ni huu mstari wa samawati. Naomba tu msiuguse, kwa sababu wino haujakauka.