Boya Lililosema Mto Umechacha

Ti. Ti. Titititi. Hata nikifumba macho bado nakisikia kile kimashine. Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, tena mbele ya mtu mzima anayeheshimika.

Mnajua nawasaidia wale wapima mito hapa Kihagara. Wanatia mtoni maboya ya rangi ya chungwa, yanaelea na maji kushuka ziwani, huku yanatuma habari kwa redio: joto la maji, tope, uchachu. Kazi yangu ni kuyatafuta. Nashika antena iliyokaa kama mifupa ya samaki, nasikiliza kimashine chake kikilia. Ukikaribia, mlio unakazana. (Naipenda kazi hii kuliko chakula. Huwa najiuliza maji yameona nini huko yalikotoka.)

Sasa boya la mwisho likapotea. Halionekani mtoni, ila habari linatuma, na habari zenyewe mbaya: maji yanazidi kuchacha kila siku. Nani anatuchachushia mto? Hata kabla ya kulifuata kwa antena, nikajijibu mwenyewe: kahawa. Tangu biashara iachiwe huru, kila kikundi huko juu Mbinga kina mashine yake ya kumenya, na yale maji ya maganda yanaishia wapi? Nikamwambia Injinia wetu, nikawaambia akina mama kisimani, nikamwambia na mwenyekiti wa kijiji. (Hakuna aliyeniuliza.)

Leo Mzee Ndunguru, ambaye mashine yake iko huko juu unakotoka mto wetu, ameteremka mwenyewe. Ni msimu, kahawa mbivu imejaa uani kwake. Mashine ikifungwa kwa maneno yangu, yote inaoza. Nikampa shikamoo, kisha nikamsomea mashtaka. Hakubisha. Aliomba tu aonyeshwe hayo maji.

Tukaondoka. Mimi mbele na antena, Injinia, mzee na fimbo yake, mwenyekiti, na nusu ya kijiji. Ti, ti. Ajabu, mlio ukauacha mto, ukaingia kwenye matete. Nikatangaza kitaalamu kwamba uchafu umejikusanya pembeni. (Kitaalamu! Mimi wa darasa la saba!) Titititi. Nikafunua matete.

Kidimbwi. Ndani yake gunia. Juu ya gunia boya letu, kamba ya gunia imepitishwa kwenye kishikio chake. Na ile harufu ambayo kila mtu wa mwambao huu anaijua tangu utotoni: muhogo uliolowekwa. Na aliyeinama akiubonyeza kuona kama umelainika ni mama yangu mzazi.

"Skola, afadhali umekuja, nisaidie kuvuta," akasema. Ndipo akaona umati. "Kwani hili lina mwenyewe? Nimeliokota linaelea bure, nikaona litanionyesha gunia langu lilipo."

Injinia akatazama chini, mabega yakimtikisika. Mzee Ndunguru akachovya kidole majini, akanusa.

"Binti yangu," akasema taratibu, "sasa tufunge mashine, au tumfunge mama?"

Kicheko kilichofuata nadhani hata kijiji cha Lundo wamekisikia. Nikapiga magoti kumwomba mzee radhi. Akaniinua, akasema radhi yake ni unga wa muhogo huohuo ukishakauka.

Nawasihi msicheke. Boya halikudanganya, kuchacha kulikuwepo, ila mchachushaji nalala naye nyumba moja.

Walipoondoka nimebaki peke yangu. Nimefunga kidumu cha njano kwenye gunia la mama kiwe alama yake, nikalifungua boya, nikalisukuma mtoni. Nikashika antena na kulisikiliza likienda ziwani, ti, ti, mpaka nikawa nasikia maji tu.