Mpole, Mchamungu na Magamba ya Malkia

Jumamosi, 2 Machi

Nimeleta samaki wadogo sita! Wote kijivu, wote saizi ya kidole changu cha mwisho. Muuzaji alitaka kunieleza yupi ni yupi, nikamwambia asijisumbue. Mimi fundi saa. Miaka ishirini na mbili nachungulia vyuma vidogo kuliko sisimizi, samaki atanishinda? Nikavaa lenzi yangu jichoni palepale dukani, nikachagua wenye sura za upole. Mmoja ana vidoa vitatu vya manjano kwenye pezi la chini, karibu na mkia. Pambo zuri. Nimemwita Mpole.

Mke wangu kasema sawa, ila Malkia asiguswe. Malkia ni samaki wake wa dhahabu, kamlea miaka sita. Akipungua magamba, tangi zima linahamia kwa kaka yake. Nimeapa hataguswa. Halafu nikatubu kwa kuapa.

Jumatano, 6 Machi

Mpole kateka nusu ya tangi. Chungu ni chake, mawe ni yake, hata mapovu ya pampu ni yake! Wenzake wamebanana kona moja kama wageni waliokosa viti. Mkia wa Malkia umechanika. Nimesogeza mmea wa plastiki mbele yake, mke wangu asione.

Lakini yupo mmoja kanigusa moyo. Hali kabisa. Chakula kinampita usoni, anageuza kichwa. Amefunga! Nimemwita Mchamungu. Mimi nilipofunga mara ya mwisho, saa nne asubuhi nilikuwa nalamba sufuria. Mungu ananijua.

Jumanne, 12 Machi

Hila mpya: kioo cha kunyolea. Nikakiegemeza kwenye tangi, Mpole ajione alivyo, ajutie. Akapigana nacho mpaka jioni. Nilipokiondoa akadhani kashinda, akamshukia Malkia. Magamba manne!

Nikayaokota kwa kibano, nikayaficha kwenye kisahani changu cha skrubu. Mke wangu kayakuta. Hakupiga kelele. Kampigia kaka yake simu. Bora angepiga kelele.

Kaka kasema anakuja akirudi safari, Jumamosi ya wiki ijayo. Malkia kahamia kwenye beseni. Mimi nimehamia kwenye kochi.

Jumamosi, 23 Machi

Shemeji kaja na ndoo mbili na tabasamu. Kauliza fundi saa gani huyu asiyejua dume na jike. Kumbe vile vidoa vya manjano ndiyo dalili ya dume, na dume la aina hii halina habari ya ujirani mwema! Tena ningepanga mawe upya, angepoteza mipaka yake, wenzake wakapumua. Nikasema ndicho nilichokuwa naelekea kufanya. Mke wangu akakohoa.

Shemeji akainama amvue Mchamungu, akaganda. "We shemeji, hebu kione hiki kidevu!"

Hakuna cha kufunga. Mdomo umejaa watoto! Siku zote hizo alikuwa anawalea humo humo, na mimi namsifu kwa ibada. Shemeji kasema akihamishwa sasa atawatema au atawameza.

Mke wangu, aliyezaa wanne, akamtazama Mchamungu kitambo. Kisha akatoa hukumu: tangi haliondoki, anaondoka Mpole. Shemeji kaenda na ndoo moja tupu na tabasamu nusu.

Nimemwambia mke wangu nilihisi tangu mwanzo. Nimetubu tena.

Jumanne, 26 Machi

Wametoka! Ishirini na saba, wote kijivu, kila mmoja kama punje. Malkia kapona, kesho anarudi tangini. Mke wangu kataka tuwagawe wote kwa muuzaji. Nimembembeleza abaki mmoja tu, mpole wa kweli, wa kumliwaza Malkia. Kakubali, shingo upande.

Nimevaa lenzi. Nimesali kwanza. Nimempata! Kila chakula kikishuka, anawafukuza wenzake wote. Nadhani anawafundisha kupanga foleni.

Nimemwita Mtulivu.