Fungate Ghorofa ya Saba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimejitwika mzigo. Hakuna aliyeniomba.

Binti yangu Nazira anaolewa Jumamosi ya tarehe 16, hapa hapa Mocímboa. Bwana harusi ni Sufo, fundi wa friji, kwao Mueda, kazi yake Maputo. Kijana mpole. Mpole kupita kiasi, namchunguza. Bosi wake amempa ruhusa ya siku nne tu, kwa hiyo fungate haitakuwa nyumbani kwetu kama ilivyo ada. Itakuwa Maputo. Na huko Maputo Sufo analala chumba kimoja na mafundi wenzake wawili, nyumba yake ataipata mwisho wa mwezi.

Wazee wa pande mbili wakauliza bibi harusi atafikia wapi. Nikasikia sauti ikisema jambo la nyumba waniachie mimi. Ilikuwa sauti yangu. Mke wangu Rehema akanitazama kwa muda mrefu.

Maputo sijawahi kufika. Lakini nina simu, nina megas za intaneti, na kwenye kibanda changu cha fotokopia nina muda mwingi mno.

Mpango wenyewe, ambao hautoki nje ya daftari hili: nyumba hiyo iwe nzuri kuliko yoyote ambayo Sufo atampangishia maisha yake yote. Nazira alipokuwa na miaka kumi na tano vita vilitufukuza, tukakimbilia mji wa Pemba, huku kwetu bara, watu kumi na tisa katika vyumba viwili vya binamu yangu. Alisomea chooni. Nataka akikumbuka nyumba nzuri, akumbuke kwamba aliitafuta baba yake.

Jumanne, 5 Agosti

Kuna mtandao wa nyumba za kupanga kwa siku. Nimeingia upande wa nyumba za mtindo, zile za "design". Kabla ya adhuhuri nimeelimika.

Nyumba ya kwanza haijapigwa lipu. Saruji tupu, ina vitundu. Nikaicheka. Ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, na zote zina nyota tano. Nikaenda nyumbani kutazama chumba chetu cha nyuma. Nikamwambia Rehema kisipigwe lipu tena, kimekuwa mtindo. Akasema mtindo huo anauvumilia mwaka wa tatu sasa.

Nyingine ina kiti mfano wa mkono, mtu unakalia kiganja. Nyingine ina beseni la kuogea katikati ya chumba cha kulala, mbele ya kitanda. Nilidhani walikuwa wanahama.

Kisha nikaiona. Ghorofa ya saba. Dirisha ukuta mzima, bahari yote imeingia ndani. Ukutani nyungo kumi na mbili, kubwa kwa ndogo, zimepangwa. Darini linaning'inia dema, dema hili hili la kuvulia samaki, ndani wametia balbu. Na kwenye rafu, imewashiwa taa yake peke yake, mbuzi ya kukunia nazi. Nimezaliwa katikati ya madema na hakuna aliyenieleza kwamba ni mazuri.

Rehema aliuliza, mbuzi ikiwa rafuni, nazi wanakunia nini. Akauliza pia milango iko wapi. Nikazipitia picha zote kumi na nane. Kweli milango haionekani. Nikamweleza kwamba mpiga picha alikuwa amesimama mlangoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwenye nyumba anaitwa Dona Flávia. Mtandao unataka ujitambulishe kwake kwa maneno machache. Maneno machache yanatosha kununulia muhogo. Hapa napeleka mtoto.

Nikaandika kama inavyoandikwa barua ya posa, kwa Kireno changu chote. Jina langu Tuaibo, la baba yangu, la babu yangu wa Olumbi. Imamu wetu na namba yake ya simu, kama atapenda kuuliza habari zetu. Matokeo ya Nazira ya darasa la kumi na mbili. Mwisho nikauliza na yeye ni wa watu gani, na kibla kiko upande gani wa kitanda.

Amejibu kwa kidole gumba. Kidole gumba cha njano, hata salamu hakuna.

Nilinuna mpaka alasiri. Ndipo ukaja ujumbe wa pili. Anasema hakuna mgeni aliyewahi kumwandikia hivyo, kwamba marehemu baba yake alikuwa mtu wa Inhambane na angefurahi kuisoma barua ile, na kwamba habari ya kibla ameteremka kumwuliza mlinzi wa getini. Basi, huyu mama ana watu wake. Nikalipa siku ile ile.

Nimelipa kwa pikipiki. Imekwenda. Rehema nimemwambia iko kwa fundi. Wateja nimewaambia daktari ameniamuru kutembea. Ni uongo mmoja, nimeugawa tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Dada yangu Zubaida ndiye kungwi. Yeye anampeleka mwali na kukaa naye siku zote saba. Mambo ya kungwi mwanamume hayaulizi, na mimi siulizi. Nimemwomba kitu kimoja tu: kila siku anipigie aniambie Nazira amekula nini. Akasema nataka kumfanya mpelelezi. Nikasema nataka kumfanya shangazi. Tumekubaliana, lakini megas juu yangu.

Mizigo yake ni mkeka, chetezo, udi wa siku saba, na mbuzi ya nazi. Nikamwambia mbuzi aiache, iko kule, ina taa yake.

Tatizo ni kanuni za nyumba. Wageni wawili tu. Moshi marufuku. Nikamwandikia Dona Flávia kwamba kungwi si mgeni, kungwi ni sehemu ya harusi kama mashuka. Amekubali. Anasema kuna sofa inayokunjuliwa ikawa kitanda.

Udi sikuutaja. Udi si moshi, ni harufu.

Alhamisi, 14 Agosti

Sufo amefika. Ameniamkia, akainama, hakuketi mpaka nilipomwambia mara mbili. Nikamwonyesha picha zote kumi na nane. Akazitazama kwa adabu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama chumba cha kulala kina mlango wenye komeo.

Nilichukia. Nikamwambia nyumba isiyo na mlango inaitwa zizi. Nikamwambia hapo pana dema lenye balbu, na yeye anauliza komeo. Akaniomba radhi. Akasema ameuliza kwa sababu Nazira alimsimulia habari ya mlango.

Sikujua kwamba anaijua. Siku moja kule Pemba nilifungua mlango wa choo nikamkuta Nazira ana daftari magotini, na nje pana foleni ya watu sita. Akaniambia kwamba akikua hataki kitu kikubwa. Anataka mlango mmoja, wa kuufunga yeye mwenyewe. Nikamwahidi. Nilifikiri neno lile ni letu wawili. Kumbe analo na fundi wa friji.

Inauma, naandika ukweli. Halafu nikafikiri, mtu aliyelibeba neno lile kutoka Maputo mpaka hapa si mtu mbaya.

Nimezitazama picha tena. Mpiga picha amesimama mlangoni, haiwezekani vinginevyo.

Jumapili, 17 Agosti

Wameondoka asubuhi kwa gari la Pemba, wakapande ndege. Harusi ilikuwa nzuri. Watu walikula. Mimi nilikuwa nimeandaa nasaha ya baba kwa binti, nimeifanyia mazoezi siku tatu kibandani. Nilipomshika mkono nikamwambia avae soksi, ndani ya ndege kuna baridi. Hiyo ndiyo nasaha aliyoondoka nayo.

Na fundi wa pikipiki alikuwepo. Alimaliza sahani tatu za pilau, kisha akamwambia Rehema kwamba ana miezi miwili hajaiona pikipiki yangu.

Jioni Rehema alikuja na mafuta ya nazi, akaketi chini, akanipaka visigino vilivyopasuka kwa kutembea. Kimya. Ningependelea agombe.

Jumatatu, 18 Agosti

Zubaida amepiga.

Nyumba ni chumba kimoja. Mlango wa kuingilia upo, tena mzuri. Ukishaupita huo, hakuna mlango mwingine. Jiko, kitanda, sofa, vyote vinatazamana. Bafu lina ukuta wa kioo. Zubaida kwenye sofa, maharusi hatua sita kutoka kwake, na dema linawamulika wote watatu. Akasema katika ukungwi wake wote hajapata kuona nyumba yenye uwazi kiasi hicho.

Udi aliuwasha mara moja. King'ora kililia jengo zima, na mlinzi wa kibla akapanda ngazi mpaka ghorofa ya saba na ndoo ya maji.

Nikamwuliza Nazira alisema nini. Akajibu: Alikwenda tu pembe hadi pembe, akizitazama kuta.

Alikuwa anatafuta mlango. Namjua mwanangu.

Nimefunga kibanda mapema. Nilitaka kumpigia nimwombe radhi, Rehema akaichukua simu akaitia kifuani mwake. Akasema mwali haingiliwi fungateni, hata na mjinga anayempenda.

Jumatano, 20 Agosti

Amepiga mwenyewe! Sufo yuko kazini, Zubaida hayupo, ana nafasi. Rehema akaniletea simu kibandani, yeye akasikiliza begani kwangu.

Nikaanza na radhi. Nazira akasema kwanza nimsikilize.

Dona Flávia alikuja kwa ajili ya king'ora, amekasirika. Alipomwona Zubaida na chetezo chake, hasira ikamwisha. Akasema harufu ile aliiacha kwa bibi yake Inhambane. Akamchukua Zubaida kwake, ghorofa ya sita. Sasa hawaachani. Mbuzi imeteremshwa rafuni, na Dona Flávia anafundishwa kukuna. Asubuhi Zubaida anapanda kufanya kazi yake, adhuhuri anateremka kula.

Kumbe ndiyo maana mpelelezi wangu amenyamaza siku mbili.

Na Sufo, akasema Nazira, siku ile ya kwanza alipotoka kazini alikuja na waya wa friji. Akaupitisha kutoka ukuta hadi ukuta, wakatundika kapulana, zile kanga za kwetu, zote walizotunzwa harusini, kuzunguka kitanda na mbele ya kile kioo. Akatia na kamba ya kufungia kwa ndani. Akamwambia hiyo kamba ni ya Nazira, yeye ataomba ruhusa kila mara. Na anaomba kweli, anasimama nje ya kapulana na viatu mkononi.

Nikamwambia Nazira kwamba hata hivyo nilimwahidi mlango, na sikumpa.

Kisha akaniambia neno ambalo naliandika kama alivyolisema. Alisema kamba ile aliifunga usiku wa kwanza tu. Jana hakuifunga. Kule Pemba alitaka mlango kwa sababu ng'ambo ya mlango walikuwa watu kumi na wanane na hofu zao. Huku, ng'ambo ya kapulana, hakuna anayemtia hofu. Akasema, "Baba, nimelala wazi, na sikuamka hata mara moja."

Nililia mbele ya mteja aliyekuja kutoa fotokopia ya kitambulisho. Naye akaniambia aliye mbali atarudi tu, inshallah.

Kabla ya kukata, Nazira akauliza pikipiki iko wapi. Nikasema kwa fundi. Akasema mama yake ameshamwambia. Kisha akasema ile nasaha ya soksi ilikuwa sahihi, wenzake ndani ya ndege wote walitetemeka.

Jumatatu, 1 Septemba

Fungate imekwisha, Zubaida amerudi, amenenepa. Sufo amepata nyumba yake, vyumba viwili, milango mitatu. Nazira amenitumia picha za milango yote mitatu, na komeo moja moja. Nimezitazama kuliko nilivyotazama picha za harusi.

Nimejifunza mambo makubwa katika mwezi huu. Nyumba si mapambo. Picha si nyumba. Mzazi akubali kuachia. Nimemweleza Rehema yote haya wakati anachambua mchele, akaitikia kwa kichwa.

Sasa. Leo kibandani hapakuwa na mteja, nikapita tu kwenye ule mtandao, kuaga. Mtaa ule ule wanaokaa kina Nazira, nyumba nne kutoka kwao, kuna moja ya ajabu. Kuta saruji tupu, kama chumba chetu cha nyuma. Kitanda kimefungwa kamba nne, kinaning'inia darini kama bembea. Mtumbwi mzima, mtumbwi wa kweli, umesimamishwa ukutani kuwa kabati la vikombe.

Wageni wawili. Mimi na Rehema. Tangu Pemba hatujapata nyumba ambayo ndani yake tuko sisi wawili tu, na kabla ya Pemba tulikuwa na watoto. Wiki moja, mwezi wa Desemba. Kina Nazira hatutawasumbua, tutawaona kutoka dirishani. Rehema hajui bado. Mashine ya fotokopia ina mtu wa Olumbi anaiulizia, na nimeshamtungia Rehema habari ya fundi mwingine.

Barua nimeianza: jina langu, la baba yangu, la babu yangu. Nimezipitia picha zote ishirini na mbili kwa makini, maana sasa nina uzoefu. Mlango sikuuona. Bila shaka mpiga picha alikuwa amesimama hapo.