Bunduki Kubwa Kuliko ya Shemeji

Jumatatu, 9 Oktoba
Msimu wa kuwinda wapiti, wale kulungu wakubwa wa milimani, unafunguliwa Jumamosi, nami usingizi sina. Baba mkwe, mzee Harlan, ametangaza mezani kuwa magoti yamemshinda, mwaka huu hapandi mlimani. Kituo chake juu ya chemchemi, wanakoshukia madume alfajiri, atampa mmoja wetu: mimi au shemeji Clete, kaka wa mke wangu. Ijumaa tutalenga sahani za bati, mshindi akichukue. Clete! Na ile bunduki ya babu yao, 30-06 iliyochubuka kitako! Mimi nina 270, ya risasi nyembamba kuliko yake. Mke wangu Nedra anasema inatosha, imetulisha nyama kila kipupwe. Inatosha! Neno baya sana hilo.

Jumanne, 10 Oktoba
Nimesoma habari za risasi mpaka macho yakauma. Nimekata shauri: 338 magnamu, bunduki nene yenye baruti nyingi. Risasi moja ndefu kama kidole! Duka la bunduki limepokea 270 yangu pamoja na mashine ya kukatia nyasi kuwa malipo. Nedra hajui habari za mashine. Theluji yaja, nani akate nyasi?

Jumatano, 11 Oktoba
Nimeijaribu korongoni, peke yangu. Mungu wangu! Nilifyatua mara moja nikajikuta nimekaa chini, kofia iko kichakani, damu yatiririka juu ya jicho. Darubini ya bunduki ilinirudi usoni. Shabaha haina hata mkwaruzo. Nedra nimemwambia nimejigonga kwenye mlango wa kabati. Jioni Clete akaja kuazima msumeno. Akaitazama ile alama ya mwezi mwandamo kwenye unyusi wangu.
“Shemeji, kwani siku hizi kabati lenu ni la duara?”
Alicheka mpaka akausahau msumeno.

Alhamisi, 12 Oktoba
Mpango! Nimempelekea Clete pai ya tufaha. Nikamsifu, nikamwomba kesho afungue mashindano yeye, tena kwa bunduki yangu, aonje kitu cha kiume. Ikishamtwanga bega, atatetemeka mpaka Krismasi. Amekubali. Amekubali upesi mno, sikupenda.

Ijumaa, 13 Oktoba
Clete hakutikisika. Matundu matatu sahanini, unayafunika kwa kikombe. Kisha zamu yangu. Nilikuwa nimeshindilia mto wa Nedra ndani ya koti. Risasi ya kwanza, zipu ikafumuka. Ya pili, mto ukaangukia matopeni mbele ya watu wote. Ya tatu sijui ilikwenda wapi, naona hata yenyewe haijui. Baba mkwe akanishika bega (lile bovu!).
“Mwanangu, unafumba macho kabla ya kufyatua. Chukua bunduki usiyoiogopa.”
Mimi? Niogope? Hapo Nedra akauliza mbona yeye hakuna aliyemuuliza. Akaichukua 30-06 ya kaka yake. Matundu matatu, nayo yamegusana! Mzee akampa kituo palepale. Clete akapiga makofi. Nami nikapiga, kwa mkono mmoja.

Jumamosi, 14 Oktoba
Jua halijapanda vizuri, Nedra ameangusha dume. Risasi moja tu. Mnyama mkubwa, pembe kama mti uliopukutika. Nimebeba paja zima kuteremka mlima, nikianguka na kuinuka. Usiku tumekula maini kwa vitunguu, na nyama ya kipupwe tumeshapata. Nedra akanikatia kipande kikubwa kuliko vyote, akaniomba kwa upole nikairudishe 338. Nilikuwa natafuna, nikaitikia.

Jumatatu, 16 Oktoba
Nimekwenda dukani kama nilivyoahidi. 270 yangu ilikuwa bado ukutani. Nikaitazama. Njia nzima nilikuwa nimewaza, na sasa nimeielewa kasoro ya 338: ni ndogo. Ingekuwa na nguvu ya kutosha, hata risasi iliyokosa ingemwangusha mnyama kwa upepo wake. Nikauliza kama wana kubwa zaidi. Muuzaji akashusha 375 kwa mikono miwili, akanionya kuwa hiyo watu huenda nayo Afrika kuwinda tembo.
Nikamwambia anifungie vizuri.