Kravati Imerudi Bila Kumuuliza Eulalie

Bukavu, Mei 1990

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima zote, ingawa nimekasirika. Mimi ni mushonaji wa Kasha, hapa Bagira. Mwaka jana niliuza vikwembe vyangu vya arusi, hata kile alichonipa mama, nikanunua kitambaa cha abacost: lile koti letu la kola iliyofungwa, la kuvaliwa bila kravati, ile tai ya shingoni, maana kravati ilikatazwa tangu nikiwa musichana. Nikatarizi etiketi za jina langu, nikazishona nje, kifuani, kwani marki isiyoonekana ni kazi bure. Ndivyo ilivyozaliwa Marki Eulalie. Mwezi uliopita radio ikasema kravati ni ruksa. Hivi hivi tu! Basi nalalamika:

1. Hakuna aliyeniuliza. Makoti yananing'inia ukutani, na mimi nakwenda misa na kikwembe cha kuazima kwa dada yangu Agnès. Wakubwa wangepiga hodi Kasha kwanza.

2. Abacost ilisitiri watu. Ndani yake mtu alikuwa na shati lililopasuka, ao hana shati kabisa, na bado tulimwita Direkteri. Kravati inadai shati zima, tena safi. Serikali imewavua wanaume hadharani, Ndugu Mhariri, na wengine wana wajukuu.

3. Papa Venant, mukubwa wa shule, aliniletea koti nililomshonea mwenyewe, eti niifungue kola ili kravati ipate nafasi. Kufungua kola ya Eulalie! Nilimwambia alipeleke hospitali, kazi hiyo iko oparesheni.

4. Bwana yangu Barthélemy ndiye aliyekuwa tangazo langu. Kila Jumapili alitembea toka Bagira mpaka Nguba, polepole, kifua mbele, watu wasome. Sasa vijana wanamcheka, naye analigeuza koti ndani nje. Hilo liliniuma kuliko yote, nililia kweli. Mwanaume akificha jina la muke wake mchana kweupe, ndoa imebaki wapi?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kravati ikatazwe tena kuanzia Jumatatu, hata kwa maharusi, hata kwa maiti. Kama ni vigumu, basi jeshi zima livalishwe Marki Eulalie.

Unisalimie maman wa nyumbani, watoto, na wote wa ofisini, pamoja na wale ambao tayari wamevaa ile kamba.

Ni mimi, sindano mkononi na uchungu moyoni,
Nabintu Eulalie
Kasha, Bagira

N.B. Barua hii ilikaa juma zima bila kutumwa. Karibu miaka ishirini wanaume wetu hawakufunga kravati, wamesahau kabisa. Jumamosi Barthélemy alijaribu, fundo likamkaba, nikalikata kwa makasi. Hapo akili ikanijia. Nimepasua makoti yote, nashona kravati zilizokwisha kufungwa, zenye lastiki ya kupitisha kichwani, etiketi mbele. Papa Venant amechukua mbili. Kwa hiyo wakubwa wakilikubali ombi langu, uwaambie tafadhali wasifanye haraka.